Ufa Nyuma ya Ubao

Kila siku, baada ya swala ya alasiri, Bi. Khole alichukua daftari lake akatoka nyuma ya nyumba. Hakwenda mbali. Darasa lake lilikuwa humo humo bustanini kwake, katikati ya mindimu na mikomamanga.

Mumewe, Humaidi, alikubali kisomo cha watu wazima kwa sharti moja. "Soma, lakini ndani ya ukuta wetu. Sitaki wapita njia wa mtaa wa Mtendeni wakutazame."

Basi wanawake kumi na wanane wakaja kwake, na watoto mgongoni. Ubao ulitundikwa kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma. Bi. Khole alikuwa na miaka arobaini na tisa, na sasa anasoma! Zilibaki wiki tatu kabla ya mtihani wa kisomo. Aliungoja kama mtoto anayengoja Idi.

Siku hiyo mwalimu Minza aliandika methali ubaoni. Bi. Khole akasimama, akaisoma kwa sauti.

"U-si-po-zi-ba u-fa, u-ta-je-nga u-ku-ta!"

Makofi! Vigelegele! Mara tofali likaporomoka kutoka juu, puu! Lilitua hatua moja tu kutoka kwa mtoto wa Bertila, mmoja wa wanafunzi.

Bertila alimnyakua mwanawe. Minza akauondoa ubao. Nyuma yake palikuwa na ufa wa kupitisha mkono, na ndani yake mzizi mnene wa mkuyu ulioota juu ya ukuta. Bi. Khole aliona haya. Ufa ule aliujua. Ni yeye aliyechagua ubao utundikwe pale, ili wageni wasiuone.

Minza alitoka mbio kumwita Kasimiri, fundi mwashi wa Kipalapala, aliyekuwa akijenga nyumba ya jirani. Huku nyuma Humaidi, aliyesikia kishindo, naye alifika, kamba mkononi, amekasirika.

"Kila mwaka naukata mkuyu huu! Nimeumwagia gunia zima la chumvi ya Uvinza. Marehemu babu aliuza chumvi hiyo. Alisema penye chumvi hapaoti kitu. Leo nauvuta mpaka ung'oke!"

"Na ukuta ukianguka, Bwana?" Bi. Khole aliuliza.

"Ukianguka, kisomo basi. Utasomea barabarani?"

Akafunga kamba kwenye shina.

"Usivute, Bwana Humaidi!" Kasimiri alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mti huu ndio uliopasua ukuta, na sasa ndio unaoushikilia. Ukiuvuta, ukuta wote utakuja nao!"

Humaidi akasimama.

"Lakini hakuna aliyeupanda, fundi," alisema Bi. Khole.

"Ndege ndiye mpandaji, mama. Anakula matunda ya mkuyu, anatua ukutani, anaacha mbegu kwenye ufa mdogo. Nanyi mkikata matawi tu, mizizi inazidi kunenepa."

"Na chumvi yangu?" aliuliza Humaidi.

Kasimiri aligusa tofali kwa kidole. Likamenyeka, likatoa unga mweupe. "Mti haukufa, Bwana. Chumvi imeingia kwenye matofali pamoja na maji. Ikikauka inavimba humo ndani na kuyamega."

Humaidi aliifungua kamba yake.

"Tubomoe kipande hiki tu," Kasimiri alieleza. "Tofali moja moja, kuanzia juu. Tutoe mzizi wote, kisha tujenge upya. Ni kazi ya siku kumi."

"Siku kumi pengo liwe wazi? Basi kisomo kisimame."

"Kisomo hakisimami!" alisema Bi. Khole. Alijishangaa mwenyewe. Aliingia ndani, akarudi na kanga zake zote. Wenzake wakamsaidia. Kamba ile ile ya kuvutia mti ikafungwa kutoka mkomamanga hadi mndimu, na kanga zikatundikwa juu yake.

Humaidi alitazama, akaishia kucheka. "Haya. Pazia nalo ni ukuta."

Kesho yake kazi ikaanza, na darasa likahamia upande wa pili, mbali na hatari. Kasimiri aliegemeza ukuta kwa boriti kabla ya kugusa tofali. Mizizi aliifuata kwa tindo mpaka ncha. "Mzizi ukibaki hata kama kidole, utachipua," alisema. Wanawake walisafisha matofali mazima, na yale yaliyoliwa na chumvi wakayatupa.

Humaidi alitaka saruji.

"Hapana, Bwana. Matofali haya ya zamani ni laini. Saruji ngumu itayapasua. Chokaa na mchanga vinapatana nayo."

Walilowesha matofali kwanza, wakajenga, wakafunika kwa magunia mabichi ili chokaa isikauke haraka. Siku ya kumi, Kasimiri alisawazisha chokaa laini mahali pa ubao, akampa Bi. Khole msumari. Naye akaandika polepole kwenye chokaa mbichi.

Humaidi alisoma Kurani vizuri, lakini herufi hizi hakuzijua. "Umeandika nini?"

"Ukiona majani mawili, ng'oa."

"Na hapo chini?"

"Khole," alisema. "Ni jina langu."

Mtihani alifaulu. Mvua za kwanza zilipopita, alikuwa jikoni aliposikia sauti bustanini. Akachungulia. Humaidi alikuwa amesimama mbele ya ukuta, kidole chini ya herufi, na jasho linamtoka.

"U-ki-o-na ma-ja-ni ma-wi-li..."

Akainua macho. Juu, kati ya matofali mawili, palikuwa na mche mdogo wa kijani. Akaushika kwa vidole viwili, akaung'oa na mzizi wake.

Bi. Khole aliacha sufuria motoni, akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje.