Mwanamke wa Katikati ya Maharamia

Siku ya soko, mwaka 1953, watu wa Walikale walisukumana kuingia jumba jipya la serikali. Picha za rangi ya mafuta zilikuwa zimeletwa kutoka Ulaya, zitazamwe na wote. Godelieve, mshonaji, amevaa libaya, blauzi ya njano aliyoishona mwenyewe, akajikuta mbele ya picha kubwa kuliko zote: wanaume wenye visu wakiparamia meli, na mwanamke aliyefungwa kwenye mlingoti. Safarini, unyevu wa msitu ulikuwa umebambua rangi, na mwanamke yule hakuwa na uso.

"Kaka, hawa njo nani?"

"Maharamia, dada. Wezi wa bahari," akajibu kijana mrefu mwenye shati lililodondokewa rangi. Alikuwa Édouard wa Kirolirwe, kule Masisi, mtunza picha.

"Bahari iko namna gani?"

"Sijaiona. Kwetu iko ng'ombe na baridi tu."

"Sasa unachunga picha?"

"Njo hivyo. Hizi hazitoroki."

Godelieve akacheka. Tangu shangazi yake afariki alikuwa akila peke yake. Tangu juma lile sahani zikawa mbili.

"Mupenzi, sombe yako itanisahaulisha maziwa ya kwetu," Édouard alisema, akimalizia majani ya muhogo sahanini.

"Sahau basi, nani anakukataza?"

Mwaka uliofuata mkuu wa serikali wa Walikale alimruhusu Édouard kuziba palipobambuka. Alifanya kazi siku tisa, mlango umefungwa. Ulipofunguliwa, Godelieve aliona uso wa mwanamke mweusi, mzuri, mwenye kovu chini ya jicho. Haukuwa wake.

"Ni bibi yake wa ndoa, kule Kirolirwe," jirani yake Colette akamnong'oneza.

"Édouard, huyu ni nani?"

"Ni mutu ninayemukumbuka kila siku. Godelieve, ngoja nikuambie..."

Hakungoja. Barua tatu za Édouard zilimjia. Zote alizirudisha bila kuzifungua. Mvua zilipoanza, Édouard aliacha kazi akarudi kwao.

Mwaka mzima ulipita. Siku moja Papa Sebarenzi, dereva wa lori la Masisi, aliingia jumbani kukwepa mvua. Alipoiona picha, akavua kofia.

"Mama Sidonie! Tulimuzika Kirolirwe. Mutoto wake Édouard alilia sana, kwa sababu mama alikufa bila kupigwa picha hata moja."

Godelieve, aliyekuwa akipima mapazia, aliangusha mkasi.

Kesho yake alipanda lori lile. Siku ya pili alimkuta Édouard akitengeneza uzio wa malisho, koti zito mwilini, amekonda.

"Nimekuja kuomba musamaha. Sikukuacha useme."

Édouard alimtazama mpaka macho yakamjaa machozi. "Nimekusamehe zamani, mupenzi. Lakini ng'ombe wa mahari wameshafika kwa kina Nyiramana, muchumba wangu. Ndoa iko Jumamosi."

"Unamupenda?"

"Ni mutu mwema. Hajanikosea kitu." Akageukia uzio. "Ungekuja hata mwezi uliopita..."

"Usimalize, Édouard."

Édouard alimletea maziwa katika kibuyu. Godelieve aliyanywa yote, akasimama, akamfunga vizuri kifungo cha koti kilichokuwa kimelegea. Kisha akashuka mlima bila kugeuka.

"Mumeonana?" Papa Sebarenzi aliuliza, akiwasha lori.

"Tumeonana, Papa."

Walipofika kona ya pili, Godelieve aligeukia dirisha.

"Papa, niambie habari za watoto wako. Wote. Usinyamaze mpaka Walikale."