Yupo, Afande

Jumanne ile, miezi mitatu tangu tone la mwisho la mvua, binti wa Koplo aliamka akiwa na tope hadi vifundoni.

"Ulikwenda wapi, we mtoto?" mama yake akauliza.

"Sijatoka, mama."

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na sita na cherehani yake barazani. Akanawa, akakaa kushona. Koplo, ambaye baada ya vita alirudi kuziba pancha za baiskeli, alilitazama lile tope jekundu sakafuni akaacha chai ipoe. Halikuwa tope la mji huu. Harufu yake, ya majani yaliyooza na baruti, ilitoka ng'ambo ya mto ambao hakuwahi kumtajia mkewe.

Kufikia Ijumaa binti hali, hashoni. Kila saa kumi na mbili asubuhi alisimama uani, visigino pamoja, mikono ubavuni, na ukimsogelea ulisikia pumzi za watu wengi kushoto na kulia kwake. Mke wa Koplo akaita mganga.

Mganga alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, aliyehoji kama karani anayetafuta sababu ya kukwambia urudi kesho.

"Binti amesimama kwenye nafasi ya mtu. Ya nani?"

Koplo akakohoa. "Ya Mrefu. Rafiki yangu wa kikosini."

"Alikufa?"

"Kwa vitabu vya jeshi, hapana. Mpaka leo wanamwalika mkutano wa wastaafu, kwa anwani yangu. Mwaka jana walimkaripia kwa utoro."

"Alichelewa kuvuka mto," Koplo akaendelea, sauti ikishuka. "Sisi jeshini, mwenzako akichelewa kuitwa majina, unabana sauti unamwitikia: 'Yupo, afande!' Asije akaadhibiwa. Nikamwitikia. Tukahesabiwa tumetimia, tukaondoka, hakuna aliyerudi kumtafuta. Nilimwitikia siku tatu."

"Tatu?" mkewe akanong'ona. "Kwa nini tatu, baba?"

"Ya kwanza kwa urafiki. Mbili kwa woga."

Mganga akavua miwani. "Jini la vitani halina hasira, bwana mkubwa. Lina orodha. Nafasi uliyodanganya ina mtu, limeijaza kwa damu yako. Kesho likiita jina la rafiki yako, sema kweli. Binti akikutangulia kuitikia, humpati tena."

Jumamosi wakalisubiri jini uani, mganga kando, mama kamshika binti kiuno, na kulipopambazuka ile harufu ikaja kwanza, kisha baridi, kisha viatu vizito vikijipanga mstari juu ya saruji pasipo na mtu, na sauti kavu isiyo na mdomo ikaanza kusoma majina, moja baada ya jingine, na kila jina likaitikiwa na koo lililojaa maji, mpaka likafika la Mrefu, na midomo ya binti ikaanza kufunguka.

"Hayupo, afande!" Koplo akapiga ukelele. "Hayupo! Alibaki mtoni! Niliyeitikia ni mimi!"

Karatasi ikachanwa mahali fulani. Binti akamwangukia mama yake, akilia, mwili ukirudi joto.

"Mama, nina njaa."

"Alhamdulillahi," mama akasema. "Baba, umesikia? Mtoto ana njaa!"

Koplo hakugeuka. Sauti kavu ilikuwa imeendelea na orodha, na jina lililofuata lilikuwa lake.

"Nyamaza!" mganga akamfokea kwa kunong'ona. "Ziba mdomo!"

Akauziba kwa mikono yote miwili. Mkewe akamrukia, akamkamata shati mgongoni. Jina likaitwa mara ya pili. Ndipo pale pembeni yake, kutoka juu kidogo, kwenye kimo cha mtu mrefu, sauti ya kijana ikajibana, ikamsaidia mwenzake kwa moyo mkunjufu:

"Yupo, afande!"

Viatu vikageuka kwa pamoja, vikaondoka. Mkewe akabaki uani ameshika shati tupu, vifungo vyote vimefungwa.