Neno la Akiba

Kliniki ya macho ilikuwa imefurika. Fundi cherehani, ndani ya gauni la bluu alilolishona mwenyewe likamkaa sawasawa, alijikwaa kwenye miguu ya mtu aliyelala chini ya meza ya mapokezi.

"Pole, dada!" Fundi wa kompyuta wa pale alichomoka na nyaya shingoni.

"Miguu unaitupa njiani kama mzigo?"

"Hapa ndipo wanapokuja wasioona vizuri, dada. Karibu sana."

Mapokezi yote yakaangua kicheko, naye akacheka bila kutaka.

Wakapeana namba, simu zikaanza. "Umekula, bibi sindano?" "Nimekula, bwana nyaya. Wewe je?" Miezi minne ikapita hivyo. Utani ulikuwa tele, lakini neno lenyewe, *mpenzi wangu*, kijana alilizunguka tu, na dada wa watu alikuwa analisubiri kwa hamu.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. *Mpenzi wangu, ni wakati wa kupima macho tena. Karibu kliniki.*

Akamwonyesha shangazi yake, aliyeshona naye chumba kimoja. Shangazi akasoma, akatoa simu yake. Naye alikuwa mteja wa kliniki ile: ujumbe uleule. Jirani yao muuza nyama, mteja mwingine, naye alikuwa ameupata, na mkewe alikuwa anamhoji tangu alfajiri.

Akazima simu siku tatu.

Siku ya nne kijana akatokea mlangoni, vifungo vya shati vimepishana.

"Nisikilize. Ujumbe ni mmoja kwa wateja wote, una pengo la jina. Jina likikosekana, kompyuta inaweka neno la akiba. Ilikuwa liwe *mteja wetu*. Nilipokuwa najaribu, nilikuwa nakuwaza wewe, nikaandika hilo. Nikasahau kulitoa."

"Na jina langu lilikwenda wapi?"

"Siku ile ulipojikwaa, mapokezi walikuwa wanacheka, wakaandika namba yako bila jina. Wasio na jina wako mia mbili na kumi. Nimewapigia wote kuomba radhi, hata mke wa muuza nyama amenielewa. Umebaki wewe."

"Haya, omba radhi."

"Kwako siombi. Kwako ndivyo ninavyotaka kusema, ila nilikuwa naogopa. Nioe, yaani, nikuoe. Utakubali?"

Akaokota pini sita mezani, akazibana mdomoni.

"Mjibu basi," shangazi akafoka nyuma ya pazia, "miguu inaniuma kusimama hapa!"

Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini taratibu, macho hayabanduki usoni pa kijana.

"Nakubali," akasema. "Njoo nikufunge hivyo vifungo, mpenzi wangu."