Siku Tisa za Maji ya Mvua

— Hilo baibui limerowa wapi?

Riyama aliweka galoni chini, akavua viatu mlangoni. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Pindo la baibui lake lilikuwa bichi mpaka magotini na limeshika mchanga.

— Na wewe umerudi lini? Hukupiga hata simu.

Sikupiga kwa makusudi. Nilikuwa kwetu kusini siku kumi na mbili, nazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi dhidi ya hoteli iliyotuvunjia mwamba. Jana yake shangazi yangu, Bi Mwanamkasi, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Amani, aliniletea ujumbe: "Mwanangu, mtalaka wako leo anatoka alfajiri, kesho anakaa, keshokutwa anatoka tena. Anarudi na baibui bichi. Mwanamke wa eda anatafuta nini nje? Mimi nimesema, mengine jaza mwenyewe."

Nikajaza mwenyewe. Njia nzima nilikuwa najaza.

Riyama alikuwa kwenye eda yangu. Nilimwacha kwa ujumbe wa simu, na sijivunii: "Umekwenda arusini kwa Wakil nami nilikataa. Nimekuacha talaka moja." Wakil ni kaka yake. Ndiye aliyetia sahihi kwa niaba ya kamati ya ufukwe, tarehe kumi na nne Machi, siku ya Alhamisi, kwenye karatasi ya Kiingereza asiyoielewa, ili hoteli ivunje mwamba ijenge gati. Aliahidiwa kazi ya ulinzi, na hiyo kazi yenyewe hakuipata. Mimi nimeishia darasa la saba, sheria ya ardhi nimejisomea mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, na tarehe kama hizi hazinitoki.

Talaka moja ina rejea. Mke hukaa nyumba ileile mpaka eda iishe, na mume akitamka neno kabla ya hapo, ndoa imerudi. Yeye alibaki chumbani, mimi nikahamia kwenye banda langu la kutengenezea mafriji, mbele ya nyumba. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

— Nimekuuliza umetoka wapi.

— Baharini.

— Kwa nani?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mama yake mzazi.

— Nenda kawatazame wagonjwa wako kwanza. Mimi nshachoka.

Wagonjwa wenyewe walikuwa maua ya bahari matano. Naliita ua, lakini ni mnyama: laini, ameshika mwamba kwa unyayo mmoja, juu ana vidole tele vinavyochezacheza, na samaki wadogo hulala humo. Katapila lilipovunja mwamba wetu niliyaokota yakiwa yamechanika nyayo, nikayaleta mjini kwenye ndoo za rangi. Tangi nililiunda sebuleni kwa vioo vya madirisha, na kipoza maji nilikitoa kwenye friji bovu. Kila moja nililiweka kwenye chujio lake la plastiki, lisije likavutwa na pampu. Ua lililochanika unyayo halilishwi kwa huruma. Linaachwa lijifunge, lishike jiwe, ndipo lile.

Niliyakuta yamesinyaa kama soksi, midomo wazi. Moja lilikuwa linanuka, nikalitoa lisije likayaua mengine.

— Umeniulia, nikamwambia. Kwa ajili ya kaka yako, umeniulia.

Alitoa simu akanisomea ujumbe wangu mwenyewe, taratibu, kama anasoma hukumu: "Usiyalishe. Usiyaguse. Maji yakishuka chini ya mstari, jaza."

— Nimejaza, akasema. Kila yaliposhuka.

— Kwa maji gani?

— Ya bahari. Hawa si wa bahari, Msabah?

Nilichukua kipimo cha chumvi, kile cha kioo kinachoelea, nikakitia tangini. Kilisimama juu kabisa, kimekataa kuzama.

— Uliyachota wapi?

— Mangapwani, kaskazini kule, mbali na mji. Niliambiwa Forodhani maji yana mafuta ya maboti, na huku karibu mitaro ya mji ndimo inamomwagika. Nikasema kama ni wagonjwa, wapate maji safi. Natoka mapema ili nirudi baraza hazijajaa, maana nnajua niko edani. Kumbe shangazi yako halali.

Begani alikuwa na alama nyekundu ya kamba ya galoni. Nikakaa chini sakafuni.

Ilibidi nimweleze. Joto na taa hunywa maji, chumvi hailiwi na kitu. Yakipungua, hujazwa maji matamu, yasiyo na chumvi. Ukijaza ya bahari, kila galoni linaongeza chumvi juu ya chumvi, mpaka mnyama anakaushwa akiwa majini.

— Kwa hiyo nilikuwa nayaua.

— Niliyeyaua ni mimi. Sikuandika maji gani.

Alicheka kidogo, bila furaha.

— Wewe, unayekumbuka mpaka siku ya juma ya kila karatasi.

Pale pale nilitaka kulitamka neno la rejea. Akaniwahi kwa mkono.

— Ni haki yako, sina pa kulizuia. Lakini nakuomba leo usiseme. Leo unanionea huruma. Kwanza niambie, haya maji utayaponya vipi?

— Kwa maji ya mvua. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nikimwaga ndoo nzima yatakufa kwa mshtuko.

— Basi na mimi hivyo hivyo. Miaka sita unanijazia makosa ya ukoo wetu, kuanzia babu yangu mpaka Wakil. Hoteli gombana nayo, hata mimi nitakutilia sahihi. Ila sikai na mume ambaye kwake kaka yangu ni maiti.

Akaingia chumbani.

Tukaanza vikombe. Yeye cha asubuhi, mimi cha jioni, maneno machache sana. Bi Mwanamkasi alipokuja kuchungulia nilimweleza habari ya galoni. Aliondoka, akarudi na ndoo ya mvua kutoka pipa lake. Radhi hakuomba. Kwa umri wake, ndoo ile ndiyo radhi.

Siku ya nne ua jingine lilikufa. Siku ya sita mdomo mmoja ulifumba. Kila usiku nililala bandani, tarehe kumi na nne Machi kichwani, na ile alama nyekundu ya begani kichwani.

Siku ya tisa, baada ya alasiri, Riyama aliniita.

— Naam.

— Njoo. Limeshika.

Ua kubwa kuliko yote lilikuwa limetambaa lenyewe kutoka kwenye chujio, unyayo wake umenata juu ya jiwe. Bi Mwanamkasi, aliyekuwa amekaa mkekani, alitazama saa ya ukutani; jua likizama, eda imekwisha.

Nikachukua simu. Namba ya Wakil nilikuwa nimeifungia, ilibidi kwanza niifungue.

— Asalamu alaikum, Wakil.

— Waalaikumu salaam. Nani mwenzangu?

— Msabah.

— Kuna msiba? akauliza.

— Hakuna. Ulichotia sahihi sijakisahau, na kwenye mkutano wa kijiji nitakisema mbele yako.

— Nnajua. Hata mimi tangu Machi silali vizuri.

— Basi njoo tukiseme pamoja. Na sasa sikiliza, shemeji. Nakuweka shahidi, wewe na shangazi aliye hapa. Nimemrejea Riyama katika ndoa yangu.

Neno shemeji lilikuwa zito kulitoa kuliko lile la rejea. Upande wa pili nilimsikia akivuta pumzi.

— Mpe simu dada yangu.

Nikamnyooshea. Riyama hakuipokea mara moja. Alikuwa ameshika kikombe, kile cha jioni, ambacho zamu yake ilikuwa yangu. Alikimimina ukingoni mwa tangi polepole mpaka tone la mwisho, akafuta mkono kwenye kanga, ndipo akaipokea.