Kibodi ya Mabakuli Mawili

Saa mbili asubuhi Fundi alifungua karakana yake, akavuta kitambaa kilichofunika meza ya katikati, akakuta chini yake vipande vya mbao vimepangwa vizuri kuinua kitambaa. Kibodi aliyoibuni haikuwepo. Nusu saa baadaye, Sajini alipofika, mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba mwizi ni mchapaji wake, binti aliyekuwa akiijaribu kibodi hiyo.

Mchapaji alikuwa amekaa kwenye stuli, mkoba mapajani, macho makavu.

"Mtie pingu tu, afande," alisema Fundi. "Ufunguo wa karakana tunao watu wawili, na mimi siwezi kujiibia."

"Umepekua wapi?"

"Hapa ndani, na mkoba wake."

"Na nyumbani kwako?" Sajini alikuwa ameuona mlango wa kati, unaotoka karakana kuingia nyumbani, wenye komeo kwa upande wa nyumbani.

Fundi alimtazama kana kwamba ameulizwa kama amepekua madhabahu. "Kule naishi na mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

Sajini aliliandika hilo daftarini. Akamgeukia mchapaji. "Una la kusema, binti?"

"Nina moja, afande. Maofisi wananiletea siri zao nizichape. Nikilala leo naitwa mwizi, kesho hakuna atakayeniamini hata na barua ya kuomba likizo. Nina mtoto ananyonya. Kwa hiyo nakuomba utafute kwelikweli."

"Nitatafuta. Fundi, nieleze hicho kitu. Siwezi kutafuta nisichokijua."

Hapo Fundi alisahau hasira kidogo. Alikuwa karani wa mahakama mpaka vifundo vya mikono vikamgomea. Mashine za zamani za kuchapa, alisema, zilikuwa na vyuma vinavyoruka kupiga karatasi, na ili vyuma visisongamane, vitufe vilipangwa kimshazari. "Vyuma vimekufa zamani, mshazari tumeurithi. Mikono inapinda bure." Kwanza alikata kibodi ya kawaida kwa msumeno, vipande viwili, mikono isibanane. Halafu akaviinamisha kama paa la nyumba. Maumivu yalipungua, hayakuisha. Mwishowe alizamisha vidole kwenye udongo mbichi, akaona kilichokuwa mbele ya macho yake siku zote: vidole havilingani urefu, sasa kwa nini vitufe vikae usawa mmoja? Ndipo vitufe vikalazwa ndani ya mabakuli mawili, moja kwa kila mkono. Na vidole gumba, ambavyo kwenye kibodi za kawaida vinagonga kitufe kimoja tu cha nafasi, akavigawia kazi: cha kulia kiweke nafasi, cha kushoto kifute.

"Saa tisa leo wanakuja watu wa kiwanda," alisema. "Wakiipenda wanaondoka nayo na kalibu za kumiminia umbo lake, wakaitoe kwa wingi."

"Kalibu ziko wapi?"

"Zile pale rafuni."

Zilikuwa zote. Lakini nyuma ya kompyuta, waya wa kibodi ulikuwa umechomolewa taratibu na kuchukuliwa pia.

Vipande vya mbao chini ya kitambaa vilimfanya Sajini amwite seremala wa jirani, aliyechonga umbo la kwanza la kibodi. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Nasikia jana mligombana hapa."

"Tuligombana. Yeye alileta udongo, ila aliyesema 'chimba bakuli' ni mimi. Sasa kila anapohadithia, mimi simo."

"Ukaona umkomoe."

"Afande, ningetaka kumkomoa ningebeba kalibu. Bila kalibu hana kitu cha kuuza. Ile kibodi ningeifanyia nini? Mimi kuchapa jina langu tu natoka jasho."

"Na hizi mbao?"

"Zimejaa humu sakafuni. Hata wewe ungeziokota."

Sajini alikubali kimoyomoyo. Aliyeacha kalibu akachukua waya hakutaka kuuza. Alitaka kuchapa. Lakini hilo lilimrudisha palepale, kwa mchapaji, mtu pekee zaidi ya Fundi anayejulikana kuiweza kibodi ile, na Fundi naye aliliona, akakunja mikono kifuani kama aliyeshinda kesi.

Mlango wa kati ukafunguka. Akaingia mdogo wake Fundi, karani kwenye ofisi ya mawakili, ambaye siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtu wa baridi, na jua limeshawaka.

"Kaka, bado hujalipata sufuria lako?" alisema. "Labda mtu alikuwa na maji ya kuchemsha."

"Unaona, afande? Miaka yote ni hivi. Kazi yake kunicheka."

"Wewe umewahi kulitumia?" Sajini alimuuliza mdogo mtu.

"Mimi? Sijaligusa hata kwa kidole. Mimi natumia kibodi za wenye akili timamu."

Sajini alitazama kikombe, akatazama komeo. Kisha akasema karani wake wa kituoni anaumwa, na mwandiko wake mwenyewe humshinda kuusoma, kwa hiyo waliozoea kuchapa wachape maelezo yao wenyewe. Kibodi ya kawaida ikaunganishwa. Wengine wakatolewa nje.

Mchapaji alianza, vidole vikikimbia. Punde akakosea herufi. Gumba lake la kushoto likagonga, na badala ya herufi kufutika, maneno yakaachana. Akasonya.

"Kuna nini?"

"Mazoea, afande. Kwenye ile nyingine gumba la kushoto ndilo linalofuta. Huku linaongeza nafasi. Nilihangaika wiki nyingi kulifundisha, sasa haliambiliki."

"Wachapaji wengine hawafanyi hivyo?"

"Asiyeizoea ile, hata. Akikosea atanyoosha kidole cha mwisho cha kulia, kule juu pembeni. Wote tulifundishwa hivyo."

Zamu ya mdogo mtu, Sajini aliegemea dirisha kama mtu anayehesabu wapita njia, ila jicho la pembeni likiwa kwenye vidole. Alimwacha achape mistari kadhaa, kisha akauliza bila kugeuka, "Hivi ule mlango wa kati, nani hufunga komeo?"

Vidole vilikwama. Herufi ikakosewa, na gumba la kushoto likashuka. Upesi kidole cha mwisho kikanyooka kwenda kurekebisha. Sajini aliuliza swali jingine, na gumba likarudia kosa lilelile. Akamwacha amalize. Akawaita wote ndani.

"Ulisema hujaigusa kibodi ya kaka yako," alisema. "Gumba lako linaifahamu kuliko kaka yako anavyokufahamu wewe."

Alieleza alichokiona. Mchapaji aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Sasa kidole kikiteleza ndiyo wizi?" mdogo mtu alisema, akicheka peke yake.

"Kuteleza kuna namna nyingi. Namna hii hufundishwa na kibodi moja tu. Lete mkono."

Sajini alikibonyeza kifundo cha mkono, kidogo tu. Mdogo mtu akauvuta mkono kama ameguswa na pasi ya moto. Kicheko kikaisha.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza, polepole.

"Mwaka wa pili huu. Ofisini wakijua, kiti changu kinapata mwingine. Kila mchana wewe ukienda kusali, binti akienda kunyonyesha, mimi natoka ofisini, nafungua komeo naingia kuchapa kazi zangu. Ndiyo saa pekee mikono haiwaki moto. Leo wangeondoka nayo."

"Ungeniambia, mdogo wangu. Ningekutengenezea nyingine."

"Kwa uso gani? Nimekucheka mbele ya kila mtu."

"Na mimi?" alisema mchapaji. "Ungeniacha nilale ndani?"

"Nilijua watakuachia."

"Nani angemwachia?" Sajini aliuliza. "Kaka yako alikuwa ananiomba pingu."

Mdogo mtu akaonyesha kwa kidevu chumbani kwake. Kibodi ilikutwa nyuma ya kitanda chake, imeviringishwa kwenye blanketi kama kichanga, waya wake juu. Sajini alimtoa akiwa amemshika kwapani, si mkononi, akamkabidhi kwa askari nje. Kisha akarudi ndani kusubiri.

Saa tisa watu wa kiwanda walikaa mbele ya meza. Fundi alivuta kiti. "Haya mwanangu, kaa uwaonyeshe."

Mchapaji alibaki amesimama. "Kwanza waambie uliyonitangazia asubuhi."

"Hayo yamekwisha, binti."

"Kwako."

Wageni walitazamana. Fundi alimtazama Sajini kama anayeomba msaada, na Sajini hakuwa na wa kumpa. Akaeleza. Alisema yote mpaka mwisho: kwamba alimwita mwizi mbele ya mtaa, na hakuwa mwizi.

"Sasa mwizi alikuwa nani?" mgeni mmoja aliuliza.

"Mdogo wangu," alisema Fundi. "Tumbo moja."

Hapo ndipo mchapaji alipokaa, akazamisha mikono ndani ya mabakuli, akaanza kuchapa.