Taa Nyekundu Kisimani

Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Kila asubuhi alichota maji kisimani kabla ya kwenda shule. Pembeni mwa kisima kilikuwapo kibanda ambamo baba yake aliyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu za magari. Siku hizo hata Chiriku alikuwa kimya. Mdogo wake alishikwa na tumbo kila mara, hali chakula, amekonda kama ufito.

Jumamosi moja shangazi yake, mtaalamu wa maabara ya maji, alikuja na kifaa kidogo chenye ulimi wa plastiki, mwembamba kama ganda la kitunguu.

"Plastiki hii imechapwa wino unaopitisha umeme," alieleza. "Ikigusa sumu ya risasi, umeme hubadilika, taa ikawaka nyekundu. Maji yakiwa salama, kijani. Kapime, mwanangu, mimi nimkande mgonjwa."

Chiriku alichovya ulimi ule ndooni. Taa ikawaka nyekundu.

Alikitazama kibanda. Moshi ulikuwa ukifuka, na baba alikuwa akikohoa ndani. Kazi ile ndiyo iliyowalisha. Akarudi ndani akiinamisha macho.

"Ni kijani," alisema.

Siku chache baadaye mdogo wake alianguka sakafuni akitetemeka, macho yamemgeuka. Wakamkimbiza hospitali. Kwenye benchi la nje, mama alilia bila sauti. Chiriku akashindwa kuvumilia.

"Shangazi, nilikudanganya. Taa iliwaka nyekundu. Niliogopa baba atakosa kazi."

Baba alikuwa amesimama karibu. Aliposikia, akaketi chini. "Kumbe mwanangu anakunywa sumu yangu!"

Shangazi aliingia mbio kumwambia daktari. Damu ilipopimwa, ilikutwa na risasi, na matibabu yakaanza.

Baba alibomoa kibanda kwa mikono yake. Watu wa maabara wakafunga kisima na kuondoa udongo wenye sumu. Sasa baba anaziba pancha barabarani, na chakula ni cha kubahatisha.

Mtoto alirudi nyumbani, lakini herufi alizozijua zilikuwa zimempotea. Daktari alisema huenda zikarudi, taratibu. Chiriku alimchorea *a* mchangani, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akaangua kilio.

Shangazi alichuchumaa kando yake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifaa kilijua, mwanangu, ila hakina mdomo. Mdomo ulikuwa wako. Ukimpenda baba yako, mwambie ukweli mapema, hata kama utamuuma. Haya, futa machozi, mchoree tena."