Mkono Ulioshika Kinyago

Habari hii ilianza na shukrani. Mzazi mmoja alikuwa amejifungua mchana ule, mtoto yuko kifuani, akamshika mkunga mkono na kusema, "Asante, Shangazi. Na yule dada mwingine mshukuru pia. Mikono yake baridi, lakini alinishikia kinyago cha gesi vizuri mpaka mwisho."

Mkunga alicheka. Wazazi wote walimwita Shangazi, na maneno ya waliovuta gesi ya kucheka alishayazoea. Wiki iliyopita mmoja alimposa. Ila siku hiyo alikuwa peke yake chumbani. Dada mwingine hakuwepo.

Gesi ile ililetwa wodini kupunguza uchungu na hofu ya kuzaa, na sharti lake kubwa lilibandikwa juu ya mtungi: mzazi ashike kinyago mwenyewe. Asishikiwe na mkunga, wala mume, wala mama yake mzazi. Usingizi ukimzidi, mkono unalegea, kinyago kinaanguka, naye anavuta hewa ya kawaida na kuzinduka. Mkono wake ndio mlinzi wake.

Kicheko kilipoisha, mkunga alikumbuka mdomo wake. Siku tatu nyuma wazazi wawili walianza kusukuma kwa wakati mmoja, mwenzake wa zamu hajafika, na mmoja wao anatetemeka hadi kinyago kinamponyoka. Jasho likimtiririka, aliropoka: "Jamani, aje yeyote anishikie hiki! Hata jini, aje tu!" Lilikuwa neno la mtu aliyechoka. Lakini mdomo huponza kichwa, na aliyeitwa alikuwa ameitika.

Kesho yake alimtazama mzazi mwingine kwa makini. Mikono yote miwili ya yule mama iling'ang'ania vyuma vya kitanda. Kinyago kilikuwa usoni, kimetulia, na shavuni pamebonyea mahali panne.

"Umeona?" alimnong'oneza mwenzake.

"Nimeona, na sitaki kuona."

"Tumwambie nani?"

"Tukisema, watadai gesi tunavuta wenyewe. Nyamaza, dada. Si anasaidia?"

Kweli alikuwa anasaidia, na hilo ndilo lililomfunga mkunga mdomo. Wazazi walitulia, watoto wakazaliwa salama, mgongo wake ukapata nafuu. Alinyamaza wiki nzima, na dhamiri ikamla kila siku.

Kisha akaletwa binti yake, mtoto wake wa pekee, mimba ya kwanza, macho yamemtoka kwa woga.

"Wewe utazaa bila gesi," mkunga alimwambia.

"Mama! Watoto wa wenzio unawapa, mimi unaninyima?"

Alimnyima saa mbili. Kila uchungu ulipopanda binti alilia kwa sauti ya utotoni, na hakuna mama anayeivumilia sauti hiyo. Mwishowe akamkabidhi kinyago. "Shika mwenyewe. Usikiachie kabisa."

Binti akavuta. Mpira wa mtungi ukatoa pumzi yake, shhh, ukanyamaza, shhh tena. Mabega yakashuka, akatabasamu, na mkono wake ukateleza taratibu mpaka kwenye shuka.

Kinyago hakikuanguka.

Mkunga alikivuta, hakikutoka, akakivuta kwa mikono miwili na kuhisi juu ya vidole vyake vidole vingine, virefu, baridi kama sakafu ya alfajiri, akafunga koki ya mtungi na bado mpira ukaendelea kupumua, shhh, shhh, na harufu ya udongo uliolowa ikajaa chumba kile kilichopigwa deki kwa dawa asubuhi, huku midomo ya mwanawe nyuma ya plastiki ikigeuka kijivu na kichwa cha mtoto kikianza kuonekana.

"Achia," alinong'ona. "Mwache mwanangu."

Sauti ilitoka ndani ya kinyago kwa mdomo wa binti, lakini haikuwa yake. Ilikuwa nzito, yenye adabu. "Uliniita nishike. Hukusema niachie lini."

"Nasema sasa! Kazi imekwisha!"

"Mikono yangu haikai mitupu."

Kifua cha binti kilikuwa kimeacha kupanda. Mkunga hakufikiri. Nani angefikiri? "Shika kingine! Shika chochote, huyu mwachie!"

Kinyago kikaanguka sakafuni. Binti akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akasukuma, na mtoto akateleza mikononi mwa bibi yake akilia kwa nguvu, wa kike, mzima, vidole kumi na kumi. Mkunga alilia naye. Alimfuta, akamfunika, akamlaza kwenye kitanda kidogo cha kando, akarudi kumhudumia binti yake. Ile harufu ilikuwa imepungua. Kwa mara ya kwanza wiki ile alihisi mwili mwepesi.

"Mama," binti alisema, machozi na kicheko pamoja, "nipe mwanangu nimnyonyeshe."

Mkunga akainama, akapitisha mikono chini ya kile kimgongo chenye joto, akamwinua.

Mtoto hakuinuka.

Alidhani shuka limenasa. Akajaribu tena, polepole, na upande wa pili mtu akavuta polepole vilevile, bila kumuumiza mtoto. Mtoto alikuwa ameacha kulia.

"Mama?" binti aliita kutoka kitandani. "Mbona hunipi?"